Mzee Ndoo na mchanga usiotoa povu

Saa moja asubuhi, Mzee Ndoo amepiga magoti kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli, mkono umezama kwenye tangi la samaki hadi kwapani. Anapapasa mchanga taratibu, kwa sababu chini yake amejizika samaki anayeweza kumlaza hospitali.

"Umeamkaje, bibi?" anamuuliza.

Mchanga unatikisika. Macho mawili yanachomoza.

Ni taa wa maji baridi, bapa kama sinia, mkiani ana mwiba wa sumu. Ana mimba. Waliletwa wanne miaka saba iliyopita. Wawili wakafa, amebaki yeye na dume, ambalo kwa sasa limetengwa nyuma ya kioo. Mwenye hoteli ameshasema: akifa mwingine, tangi linang'olewa, na mtunzaji wake anafukuzwa kazi.

Jina la Ndoo halikuja bure. Kila siku mzee huyu hubeba ndoo kumi na tano za lita ishirini kutoka uani. Maji hayo yamekaa kwenye mapipa siku nzima, pampu ikiyapulizia hewa mpaka klorini ya bomba iishe.

"Ukimmwagia ya bomba moja kwa moja, umemmwagia moto," anasema akinyoosha mgongo. Ana miaka hamsini na miwili. Anatembea kama wa sabini.

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa akipiga deki ukumbini hapa, mtunza samaki akaacha kazi, na aliyekuwa karibu na ndoo ni yeye.

Taa wa kwanza aliuawa na kokoto za urembo alizozikuta tangini. Samaki huyu hulalia tumbo na kujifukia. Kokoto zilimchuna, vidonda vikaoza. Mzee akazitoa zote. Kisha akanunua mchanga mweupe, laini, wa kupendeza. Hakujua una makombe yaliyosagwa.

Makombe yaliyeyuka kidogo kidogo. Maji yakapoteza asidi yake, na amonia inayotoka kwenye uchafu wa samaki wenyewe ikawa kali maradufu.

"Wiki ya tatu taa wa pili akaacha kula. Ya tano kingo zake zikajikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nilimuua mimi. Sina wa kumsingizia."

Tangu hapo ana chupa ya siki mfukoni.

Leo chupa hiyo ina kazi. Meneja, mwanamke kijana mwenye haraka zake, anaingia na toroli lenye magunia mawili ya mchanga mweupe.

"Mzee wangu, Jumamosi wanakuja wapiga picha. Huu wako wa kahawia unafanya tangi lionekane chafu."

"Mama, nipe kikombe."

"Mzee, sina muda wa mazingaombwe."

"Kikombe tu, mama."

Akishapewa, mzee anachota mchanga wa gunia la kwanza, anaumiminia siki. Unachemka, povu linapanda: una makombe. La pili vilevile. Kisha anachota ule wa kahawia kutoka tangini, wa mtoni, aliouosha maji kumi na manne. Siki inatulia juu yake kama maji.

Meneja anatazama kikombe, anamtazama mzee.

"Sasa wapiga picha niwaambie nini?"

"Waambie mwenye nyumba ni mjamzito, hataki kupakwa rangi."

Meneja anacheka bila kutaka. Magunia, anasema, yapelekwe kwenye njia ya bustanini. Hasemi nani ayapeleke. Mzee anashika toroli mwenyewe.

Akirudi, anapima maji kwa matone. Kichupa cha amonia kinabaki njano, maana yake haipo. Joto nyuzi ishirini na saba. Anaketi sakafuni, viatu vimelowa.

Hajachukua likizo kwa miaka minne. Mara ya mwisho alipougua siku mbili, mhudumu alijaza tangi kwa mpira wa bomba, taa wakaponea chupuchupu. Mkewe humwita samaki huyo "mke mwenzangu", na siku hizi hacheki akisema hivyo. Mama yake mzazi, umbali wa safari ya siku nzima, huuliza kwenye simu kama bado yuko hai.

Kwa hiyo anamfundisha dobi wa hoteli: kupima, kulaza maji, kutofungulia bomba tangini. Wamebakiza somo la siki. Watoto wa taa wanatarajiwa baada ya wiki tatu.

"Akizaa salama, naenda kwa mama," anasema. "Sitaki sherehe. Nataka nilale siku tatu, nisisikie hata tone la maji likidondoka."

Anainuka kwa kushikilia kioo. Bado ndoo sita.