Kifaa cha Kuongeza Nguvu

Jirani yangu hana mdomo mbaya. Ana masikio mazuri tu, na hayo ndiyo yanayomponza. Siku ile alirudi kutoka Kilindoni akanikuta nakuna nazi, akavuta kigoda akakaa kabla sijamkaribisha.

"Shoga, mimi simo," akaanza. Akisema hivyo ujue yumo mpaka shingoni.

Alikuwa amekwenda dukani kununua sabuni. Akamwona mume wangu amempa mgongo, anaongea na mwenye duka kwa sauti ya chini. Alitaka kifaa cha kuongeza nguvu. Akauliza kama nguvu yenyewe inaweza pia kupunguzwa, na kama kifaa kitadumu, maana hataki cha kutumia wiki moja kikafa.

Sasa, kwetu Mafia ukitaja nguvu na mwanamume kwa pamoja, hakuna anayefikiria kubeba magunia. Supu ya pweza inauzwa kwa sifa hiyohiyo. Lakini kifaa? Hilo lilikuwa jipya. Mimi na mume wangu tuna wajukuu, na nguvu tuliyokuwa nayo ilitutosha, sikuwahi kumsikia akilalamika. Kama alikuwa anatafuta ya ziada, basi haikuwa kwa ajili yangu.

Na zile nguo zake! Mume wangu ni seremala, amevuta sigara tangu kabla hajanioa, na harufu yake naijua: mbao na tumbaku. Wiki zile mashati yake yalikuwa yananukia utamu, siku nyingine embe, siku nyingine waridi. Huku pwani nguo ya mwanamume hainukii yenyewe. Hufukizwa udi, na mfukizaji ni mke. Mimi sikuwa nimewasha chetezo tangu Idi.

Sikumwuliza. Ukiuliza kabla hujaona unapewa maneno, na maneno mume wangu anayo. Asubuhi ya pili akaaga kwamba anakwenda Kilindoni kununua misumari. Nikamwacha atangulie, nikavaa baibui, nikaita bodaboda. Kutoka kwetu Kirongwe njia nzima nilikuwa natunga ya kumwambia huyo mwanamke. Na niliogopa, sioni haya kusema. Niliogopa kugawiwa zamu uzeeni, ndani ya ndoa niliyoijenga mwenyewe.

Nilimkuta dukani. Duka ni la familia ya Kihindi, Waislamu wenzetu, wapo hapo tangu enzi za babu zao, wanauza kuanzia kandili hadi chaja za simu. Mume wangu amesimama kwenye kaunta, na mdomoni mwake linatoka wingu jeupe linalonukia embe.

"Mama, leo hata salamu?" mwenye duka akaniuliza.

"Shikamoo, mzee. Hiyo nguvu iko wapi?"

"Marahaba. Nguvu gani, mama?"

Mume wangu aligeuka, wingu lote likampalia. Mkononi alikuwa na kidude cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kioo kidogo na vitufe pembeni. Mwenye duka, ambaye mpaka leo hajui alichookoa, akanieleza kama anavyoeleza mteja yeyote. Ile ni sigara ya umeme. Ukibonyeza huku wati zinapanda, mvuke unakuwa mwingi na wa moto. Ukibonyeza kule zinashuka, unakuwa mpole.

"Kwa hiyo nguvu ni ya umeme?"

"Ya umeme, mama. Wewe ulidhani ya nini?"

Niliomba kiti. Alhamdulillahi nilisema kimoyomoyo, nikairudia kama mgonjwa aliyeambiwa hana ugonjwa. Kumbe alikuwa na kingine kabla ya hicho, cha bei poa, hakibadilishi chochote, na kilikuwa kinamvujia maji yake ya harufu mfukoni mwa shati. Ndiyo udi wenyewe huo.

Nilipotulia nikaona anataka kuibiwa na macho yake tena. Mbele yake vilikuwa viwili. Kimoja kikubwa, kinang'aa rangi ya dhahabu, wati kibao. Kingine cheusi, hakina mbwembwe, bei yake nusu ya kile. Yeye mkono wake ulikuwa kwenye dhahabu, kilekile alichokuwa anakijaribu.

"Wati zote hizo za nini, baba watoto? Wewe jenereta?"

Nikavishika kama ninavyoshika sufuria, nikatikisa, nikabonyeza. Nikauliza habari ya spea. Mwenye duka akasema ukweli: kile kikubwa, koili yake, ule waya unaopata moto ndani na kuungua kila mara, inaagizwa Dar. Ya cheusi ipo kwenye droo. Nacho kinachajiwa kwa chaja ileile ya simu yangu. Hapo mjadala ukaisha. Kitu ambacho spea yake inavuka maji, boti ikichelewa mwenyewe anarudi kwenye sigara. Nikaomba punguzo, nikapewa kidogo na kichupa cha maji yake. Ya embe niliyakataa. Nikachukua ya harufu ya tumbaku, nimnuse nimjue. Mzee akatuonya kwamba hiyo si dawa, sumu ya tumbaku bado imo, ni ngazi ya kushukia tu mpaka aache kabisa.

Tukatoka. Nikamwuliza kwa nini alinificha.

"Nimekuahidi kuacha mara ngapi?" akasema. "Nilichoka kukuona unaitikia tu. Safari hii nilitaka niache kwanza, ndipo nikwambie."

Hapo na mimi nikamweleza aliyoyasikia jirani na niliyoyafuata mimi. Alisimama katikati ya njia ananitazama, halafu akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mke wa pili!" akasema alipopata pumzi. "Mke wangu, kidude cha kiganjani kimenishinda kukuficha. Mwanamke mzima ningemfichia wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini pembeni ya barabara, na machozi yakanitoka kweli. Akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono mbele za watu.