Simba Kumi na Mmoja na Twiga Mmoja

Jirani yangu Kavutha, ambaye wapangaji wa ploti nzima hapa mtaani Tassia tunamwita Mama Nthambi, ana kasoro moja: hajui kukataa. Na sisi majirani tumeitafuna kasoro hiyo mpaka mfupa.

Anafuma kwa kroshia. Anafuma sungura wa kulala na watoto, kofia zenye masikio ya dubu kwa wachanga wanaopelekwa kupigwa picha studio za Donholm, na mavazi ya sherehe za shule. Ukimwambia apitishe tu kwa cherehani, atakutazama kana kwamba umemwomba asonge ugali kwa pasi, maana kroshia ni kazi ya mkono, fundo kwa fundo. Nimemsikia akiwaeleza wateja hivyo mara mia, na bado wanauliza.

Basi muhula uliopita, siku ya Jumatatu, mwalimu wa watoto wetu, Madam Annah, aliandika kwenye grupu ya wazazi kwamba Ijumaa kutakuwa na igizo la wanyama wa porini, kila mtoto achague mnyama wake na aje amevaa. Ndiyo masomo ya siku hizi, mtoto anapewa kazi na mzazi ndiye anayetoka jasho. Tukasoma, tukanyamaza. Jumatano asubuhi ndipo tulipozinduka, na sote tukakimbilia mlango mmoja.

Sote tulitaka simba. Nani atakubali mtoto wake awe fisi mbele ya wazazi wenzake? Mimi nilikuwa wa kwanza kubisha, kwa ajili ya Phares wangu. Wengine hawakuleta hata kipimo cha kichwa. Mmoja alituma ujumbe kwamba wake ana miaka saba lakini ni mkubwa. Kavutha akasonya, akasema kichwa hakipimwi kwa miaka, kisha akaikubali hiyo kazi pia. Simba kumi na mmoja, kila mmoja kofia yenye manyoya ya shingoni yanayofungwa uzi mmoja mmoja.

Binti yake wa pekee, Nthambi, alitaka kuwa twiga. Alikuwa amesema hivyo Jumatatu ileile, kabla yetu sote, na mama yake alikuwa ameshaanza kufuma shingo. Simba wa kwanza alipoagizwa, shingo ikawekwa kando. Kila nilipopita kuulizia wa Phares niliiona kwenye kochi, haijaongezeka hata safu moja. Sikusema kitu. Ningesema, wangu angechelewa.

Alhamisi saa kumi jioni alinikabidhi wa kwangu, ndiye aliyekuwa wa mwisho, kwa kuwa jirani ndiye anayeweza kungojeshwa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa kufuma usiku kucha na hasira imempanda. Mzazi mmoja alikuwa ametoka kulalamika kwamba manyoya hayakukaa kama ya kwenye picha ya simu. Kavutha alimtukana kwa Kikamba, mzazi akiwa ameshashuka ngazi. Kisha akaichukua ile shingo ya njano, akamwita Nthambi aje apimwe.

Nthambi alikuwa mezani, anakata karatasi za kijani vipande vya majani. Hakuinua macho.

"Wacha tu, mum. Niliambia Madam nitakuwa mti."

Mama yake akamuuliza alisema hivyo lini.

"Jumatano, wakianza kukuja. Mti haitaki kufumwa."

Kavutha alibaki na sindano mkononi. Nilitaka kusema neno la kumtuliza, lakini yeye akatangulia.

"Mama Phares, chukua simba wako uende."

Nikamchukua, nikaenda.

Ijumaa simba kumi na mmoja walinguruma, wazazi wakasimama na simu zao. Nyuma ya simba hao Nthambi alinyoosha mikono juu, amebandikwa majani ya karatasi, na hakuishusha mpaka igizo likaisha.