Pembe Nyeusi za Gulsaira

Mwezi wa tano, matope yanapoanza kukauka na kondoo kunyolewa, duka la nyuzi la Uulkan mjini Kochkor halipitishi hata paka. Wanawake huja na magunia ya sufu mbichi, huketi juu ya magunia hayohayo, huchambua, husokota, hunywa chai ya mwenye duka na kuisema vibaya. Wachache hununua nyuzi. Wengi huja kwa sababu nyumbani hakuna wa kugombana naye.

Kiti cha karibu na jiko kilikuwa cha Zuurakan, na hakuna aliyempa. Alikuwa wifi yake Uulkan, dada mkubwa wa mumewe: mwembamba, meno mawili ya dhahabu, macho ya kukagua. Dada wa mume hafukuzwi. Alichoweza Uulkan ni kumpa chai iliyopoa, na alimpa.

"Uzi huu kasokota nani?" Zuurakan aliuliza asubuhi moja, akiunyanyua kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Mimi, dada."

"Nilijua. Una vifundo kama magoti ya ngamia."

Wanawake wakacheka. Kanyshai, mke wa mchungaji, ambaye sauti yake husikika hadi stendi ya magari, ndiye aliyecheka zaidi.

"Wanunuzi hawajalalamika," Uulkan alisema. "Wewe umenunua lini mara ya mwisho?"

"Ninunue ndani ya nyumba ya baba yangu?"

Ndivyo walivyokuwa wakiamkiana.

Lakini ugomvi wao haukuwa wa uzi. Gulsaira, binti wa mwisho wa Uulkan, alikuwa anaolewa kabla mifugo haijapandishwa malishoni, na hakuwa na shirdaki, lile zulia la sufu iliyoshindiliwa ambalo bibi harusi huliingiza kwa wakwe kama ushahidi kwamba ametoka kwa watu. Asiye nalo hasemwi siku ya harusi. Husemwa baadaye, polepole, maisha yake yote.

Zulia lilikuwepo, nusu. Shirdaki huzaliwa pacha. Sufu mbili za rangi tofauti hulazwa moja juu ya nyingine, kisu kikapita katika zote mbili, kisha vipande vilivyokatwa kwa umbo la pembe za kondoo dume, ambavyo huitwa pembe tu, hubadilishana makao: nyeusi huingia kwenye matundu ya nyekundu, nyekundu kwenye matundu ya nyeusi. Aliyeyakata mapacha haya alikuwa mama yake Zuurakan, mama mkwe wa Uulkan. Aliyakata mwishoni mwa uhai wake, bila chaki, bila karatasi, ulimi ukiwa umebanwa kwenye kona ya mdomo. Zulia jekundu lilikuwa la Gulsaira. Jeusi, la mtoto wa kiume wa Zuurakan. Kabla pembe hazijabadilishana, bibi akafa.

Siku ya msiba, Uulkan aliketi ndani ya hema pamoja na wanawake wa ukoo, uso ukielekea ukutani, mikono kiunoni, kama inavyopasa. Zuurakan aliimba mbolezi mpaka koo likakauka. Wajukuu waliimba. Zamu ya mkwe ilipofika, hema lilinyamaza. Uulkan alifungua mdomo na haikutoka sauti. Watu waliokuwa nje, waliokuja kwa farasi kusikiliza, walisikia kimya hicho na kwenda nacho makwao.

Usiku huo Zuurakan alikunja sufu nyeusi, pembe zake ndani, akaondoka nayo. Nyekundu ikabaki kwa Uulkan. Tangu hapo kila mmoja alikuwa na zulia lenye matundu na pembe zisizo na pa kukaa.

Uulkan alikuwa amejaribu njia nyingine. Alikata pembe mpya kutoka sufu nyingine nyeusi. Zilikaa kwenye matundu kama meno ya kuazima; mkono wa marehemu haukuwa na kipimo ambacho mtu angeweza kukifuata. Na sasa ilikuwa majira ya nondo. Jua likipasha paa, mayai hupasuka ndani ya sufu iliyolala, na hakuna aliyejua Zuurakan aliweka wapi zile pembe.

Kwa hiyo asubuhi ile ya magoti ya ngamia, mbele ya duka zima, Uulkan aliweka birika chini.

"Dada, Gulsaira anaolewa wiki ijayo. Nipe pembe, nikupe zako."

Zuurakan hakuinua macho kutoka kwenye uzi aliokuwa anausokota. "Zangu zina haraka gani? Mwanangu hajapata mchumba. Mimi nangoja."

"Unataka nini?"

"Unajua."

"Liseme."

"Deni la mama." Aliuvuta uzi, ukakatika. "Ulimnyima mbolezi. Mlipe. Hapa hapa, mbele ya hawa hawa, maana ndio waliobeba habari zako. Ukimaliza, Gulsaira atapata pembe."

"Msiba ulikwisha zamani, dada."

"Kwako haukuanza."

Kanyshai alisema, "Jamani, chai inapoa," na hakuna aliyemcheka.

Uulkan alitazama mlangoni. Gulsaira alikuwa amesimama pale na kitita cha nyuzi nyekundu mikononi, rangi imemkaa kwenye kucha. Alitazama chini, kama atakavyotazama chini mbele ya wakwe zake, na Uulkan aliiona miaka yote inayomngoja binti yake.

Akafunga kitambaa chake vizuri. Akageuza kigoda, akaketi akielekea ukutani, chini ya nyuzi zilizotundikwa, akaweka mikono kiunoni. Walidhani ataimba yale yanayoimbwa na wote: mama mti wa kivuli, mama chemchemi. Zuurakan naye alidhani hivyo, na alikuwa ameshaandaa dharau yake.

Sauti ilitoka nzito, ya kukwaruza.

*"Ee Batma, uliyekuwa mrefu mlangoni,*
*ee Batma, leo nakutaja."*

Duka likashtuka. Mkwe hatamki jina la mama mkwe, akiwa hai wala akiwa amekufa. Tangu aolewe, Uulkan alikuwa akimwita Yule Mrefu.

"Mshenzi wewe!" Zuurakan alisema.

"Mwache," Kanyshai alisema. "Ulimtaka aimbe."

*"Mkate wangu ulimpa mbwa nikitazama.*
*Maji niliyoteka uliyamwaga, ukasema yana matope.*
*Mwanangu wa kwanza alipozikwa theluji haijaisha,*
*ukanishika kidevu, ukasema:*
*machozi ni ya wasio na kazi, nenda kakamue.*
*Nikaenda, Batma. Nikakamua.*
*Nilikutii siku ile, nikakutii na siku uliyokufa.*
*Ee Batma, wananidai machozi uliyonikataza."*

Alipumua. Hakuwa analia. Wanawake wawili walikuwa wanalia, na mmoja wao alikuwa amekuja kununua tu uzi wa soksi.

*"Sikupendi, Batma, na kaburini siji kwa miguu yangu.*
*Lakini kisu chako hakikutafuta njia.*
*Pembe zako nimejaribu kuzikata,*
*mkono wangu umeshindwa.*
*Hilo nakulilia. Hilo moja."*

Akageuza kigoda, akanyanyua birika. "Nimelipa," alisema.

Zuurakan alikuwa amekaa wima kama mti wa kupigia sufu. "Umemtukana mama yangu mbele ya watu."

"Nimesema uongo wapi?"

Zuurakan alifungua mdomo, meno ya dhahabu yakaonekana. Kila mwanamke pale alijua kwamba yeye naye, siku aliporudi kwa mama yake na jicho lililovimba, alirudishwa kwa mumewe jioni ileile na kopo la siagi. Aliweka uzi chini. Akatoka.

Alirudi kabla chai haijaisha, na kifurushi. Alipokifungua, harufu chungu ya pakanga, jani la kufukuza nondo, ilijaa duka. Pembe nyeusi zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, majani makavu ya pakanga kati ya kila safu, na hakuna hata moja iliyoguswa.

"Zako," alisema.

Uulkan alipanda ngazi hadi darini akashuka na zake. Alizitandaza mezani, na kabla hajamaliza aliona. Pembe mbili nyekundu zilikuwa na matundu kama ungo. Alikuwa amezifungia kwenye gunia tangu msiba, asitake kuziona, na hakuzianika hata majira mamoja.

Zuurakan aliinua moja kwenye mwanga wa dirisha. Jua likapita katikati yake, likamwangukia Kanyshai usoni.

"Tazameni," alisema taratibu, akifurahia kila neno. "Muuza sufu. Nondo wanakula kwake bure kuliko mimi."

Hapo watu walicheka, na Uulkan aliwaacha wacheke.

Zuurakan akahesabu kwa kidole, akachomoa pembe mbili nyeusi nzima, akazitupa kwenye moto wa jiko. Moshi wa sufu iliyoungua ulipanda, wanawake wakakohoa.

"Umechoma kazi ya mama yako!" Uulkan alipiga kelele.

"Nimesawazisha. Zulia langu lisiwe na aibu likiwa peke yake."

Gulsaira alikuwa amezibeba zilizobaki kifuani na hakukubali tena mtu azishike. Wiki yote mama na binti walishona, uzi uliosokotwa kulia kando ya uzi uliosokotwa kushoto, mpaka ukingo ukasimama kama msuko. Matundu mawili yalibaki. Sufu nyeusi ilikuwa imekwisha, na Uulkan alichukua sufu ya kijivu.

Alikuwa ameshika kisu mlango ulipofunguliwa.

"Mimi pia nina matundu mawili," Zuurakan alisema. Hakuketi. "Kijivu kitanitosha."

"Bei ni ileile ya watu wote."

"Nimeomba punguzo?"

Uulkan alilaza sufu mbili za kijivu, moja juu ya nyingine. Hakuchukua chaki. Ulimi ulimtoka kwenye kona ya mdomo, na alipoona Zuurakan anautazama, aliurudisha ndani kwa hasira. Kisu kikapita katika zote mbili, kikayumba kwenye mzingo, kikaendelea.

Zuurakan aliinua jozi yake, akaigeuza huku na huku.

"Zimepinda."

"Basi ziache."

Aliweka pesa juu ya meza, akatia pembe kwapani, akatoka bila kufunga mlango.

Siku ya harusi zulia jekundu lilitandikwa mahali pa heshima katika nyumba ya wakwe. Mama mkwe wa Gulsaira aliinama, akagusa pembe za kijivu kwa ncha ya kiatu, akauliza ni za nani.

Zuurakan, aliyekuwa ameketi upande wa ukoo wa bibi harusi, alijibu kabla ya mwingine yeyote. "Za kwetu," alisema. "Na zingine kama hizo zipo kwangu. Ondoa kiatu."