Mashada ya Mzee Johana

Mimi Phelis, fundi wa jipsamu kutoka Chepilat, sipendi kazi yangu iguswe. Ukitaka kuniona nimewaka, niambie ng'oa.

Mzee Johana, mkulima wa chai pale Kaplong, alinionyesha kwenye simu picha za majumba ya wafalme wa Ulaya. Kila chumba ni yale yale: majani yaliyojikunja, kombe za baharini, vichwa vya simba, na mashada yanayoning'inia ukutani kote.

"Mimi nataka mashada tu," alisema. "Hiyo ni sinendet yetu."

Sinendet ni mmea unaotambaa. Wakipsigis humvisha shingoni mtu aliyeshinda. Na Johana alikuwa anagombea ukurugenzi wa kiwanda cha chai, kura bado. Usikate mbeleko mwana hajazaliwa, lakini nani angemwambia? Nikamimina jipsamu kwenye kalibu, nikabandika mashada sebule nzima. Haki, ilipendeza! Sijawahi kufanya kazi nzuri hivyo.

Kura zikapigwa, akaanguka. Tena vibaya.

Niliporudi kupaka rangi, sikumpata ndani. Alikuwa anazunguka boma: mara kwa ng'ombe, mara langoni, mara kwenye majani chai bila kikapu. Akiitwa chakula, anafika mlangoni, anainua macho kwa yale mashada, anageuka. Wageni wa kumpa pole anawapokea nje, hata mvua ikinyesha.

"Fundi, ng'oa hiyo vitu," aliniambia.

"Mzee, huo ni urembo tu! Hata hao wafalme walikuwa wanapigwa vitani, na hawakubomoa nyumba!"

"Hao wafalme hawaishi na watu wa Kaplong." Akaenda zake.

Nikakasirika, nikapanda ngazi, nikapaka rangi ya dhahabu kwa nguvu. Mkewe, Chepkurui, mama Winny, akaleta sahani mbili za ugali na mboga. Moja akaiweka mbele ya kiti cha mzee. Akala yake, kisha akaanza kuiondoa ile nyingine, haijaguswa.

"Mama, mbona unamwekea na unajua haji?"

"Nimekula na huyu mtu tangu anioe," alisema. "Sasa nakula na mashada yako."

Woi, uchungu ulionishika! Nikashuka, nikachukua nyundo, nikaanza kuvunja mwenyewe huku nalia. Johana akasikia kishindo, akaja akasimama mlangoni. Sikumwangalia. Shada la mwisho lilipoanguka, akaingia, akapangusa vumbi kwenye kiti chake, akakaa.

"Mama Winny, chakula iko?"

"Imepoa."

"Lete hivyo hivyo."