Jumamosi ya Kulaza Fungu

Shaka lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona aibu kumwambia mtu: je, nikishindwa kuamua tena, na safari hii mwenzangu akakosa nafasi yake kwa sababu yangu? Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, ninaishi kwa wazazi Musaga, na kilichokuwa kikinigeuza kitandani hakikuwa kazi. Zilikuwa kadi arobaini za mchezo. Nilizipanga kichwani, nikazipangua, nikajiambia basi sasa, kisha nikakumbuka kadi nyingine moja.

Mchezo wenyewe huchezwa na watu wawili mezani. Kila mmoja huja na fungu la kadi arobaini alizochagua mwenyewe: viumbe wa kushambulia, kadi za kujikinga, kadi za kuvuruga mpango wa mwingine. Fungu hushinda kwa sababu kadi zake zinasaidiana, hata kama kila moja peke yake ni dhaifu. Hilo nililijua vizuri. Ningeweza kusimama mbele ya darasa nikalieleza.

Bujumbura sijawahi kuona duka linalouza kadi hizi. Zilizopo zimeletwa na shangazi wa Ubelgiji, au mjomba aliyepita Nairobi, au zimevuka mpaka kutoka Uvira ndani ya begi la nguo. Kwa hiyo kadi za mji ni zilezile, zinabadilisha mikono tu. Sisi tunaokutana Nyakabiga, kwenye ua wa nyuma wa duka la mama mmoja, tunajua nani ana nini. Yule fundi wa simu ana mchawi wa barafu. Mwanafunzi wa udaktari ana ukuta wa miiba, na hutembea kama mtu mwenye kiwanja Kinanira kwa matajiri. Mimi nilikuwa na joka jekundu, zawadi ya shangazi, kadi ya thamani kuliko vitu vyangu vyote ukiondoa simu.

Hapo zamani asubuhi ya mashindano ilikuwa soko. Mwenye pesa alichungulia mafungu ya wenzake, akazunguka mjini kununua kadi za kuwakomesha, akarudi akashinda. Sisi wa fungu la bei rahisi tukawa tunakuja kupigwa tu. Ndipo ikawekwa desturi ya kulaza fungu. Jumamosi, kabla giza halijaingia, kila mchezaji analifunga fungu lake kwa mpira na kuliweka kapuni kwa yule mama wa duka. Mama hajui kadi hata moja, na hataki kujua. Analitundika kapu juu ya magunia ya mchele, na halishushwi mpaka Jumapili watu wametoka kanisani. Kilicholala kimelala. Huwezi kubadilisha hata kadi moja.

Desturi hiyo ilitungwa kuwasaidia watu kama mimi, na ndiyo iliyonishinda mimi. Nilikuwa nimefika mbele ya kapu lile mara kadhaa na fungu mkononi, nikakumbuka kadi fulani ya mtu fulani, nikarudi nyumbani nalo. Jumapili nikaja kama mtazamaji. Wenzangu walikwisha kunizoea. "Lisansie amekuja kusalimia kapu," walisema, lisansie maana yake mwenye shahada, na mimi nilicheka pamoja nao ili yaishe.

Safari hii tulikubaliana kucheza wawili wawili. Jozi itakayoshinda itachangiwa na kikundi nauli ya kwenda Kigali, kwenye mashindano makubwa. Na sheria ilikuwa fupi: fungu la mmoja lisipolala, jozi nzima imetoka.

Aliyenichagua ni dada mmoja mwenye asili ya Uvira, anauza vitenge sokoni. Nilimuuliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu we unajua kadi za kila mutu," alisema. "Na kwa sababu wengine wote wamekwisha pata watu wao. Nikudanganye?"

"Apana, dada. Asante."

"Usiniambie asante. Laza fungu." Halafu akakunja kitenge kimoja taratibu, na sauti ikashuka. "Mi nacheza hapa tangu nifike huu mji. Sijawahi hata mara moja kucheza na mutu ambaye sijue kadi zake. Unaelewa? Nataka nikae kule Kigali mbele ya mutu, ageuze kadi, mi niseme: eh! hii njo nini?"

Mimi kadi nisiyoijua ndiyo iliyokuwa ikinitisha kuliko zote.

Nilianza kulijenga fungu siku hiyohiyo. Kwa kuwa sikuwa na pesa, nilitafuta kadi za kawaida, zile ambazo watu huzidharau na kuzifanya alama za kurasa kwenye Biblia. Nilipata nyingi kwa kuomba tu. Dhidi ya mchawi wa fundi wa simu nikaweka kadi za moto. Dhidi ya ukuta wa miiba nikaweka panya wa kuchimba chini. Kila mtu wa Nyakabiga alikuwa na dawa yake humo ndani, na juu ya dawa zote nikaweka joka langu. Nililipeleka kwa dada sokoni nikiwa najisikia kama mhandisi.

Tulicheza juu ya meza yake ya vitenge, wateja wakitusukuma kwa viwiko. Alinishinda haraka, tukarudia, akanishinda tena huku akimpunguzia bei mama mmoja. Kisha akachukua fungu langu, akazisoma kadi moja moja.

"Hii ya nani?"

"Ya fundi wa simu."

"Na hii?"

"Ya mwanafunzi, akileta ukuta."

"Na akikosa kuuleta?"

Nikaichukua ile kadi mkononi mwake, nikaigeuza, nikamrudishia.

"Sha, hii si fungu," akasema. "Hii ni bariere. Polisi wamesimama mu barabara, wanasimamisha kila mutu, lakini wao wenyewe hawaendi popote." Yule mama aliyekuwa akinunua akacheka bila kujua tunazungumza nini. "Sasa niambie. We unataka kufanya nini mu mchezo? Si wao. We."

Niliwaza swali hilo njia nzima ya kurudi Musaga. Mafuta yalikuwa adimu siku hizo, foleni ya basi haisogei, nikapanda kilima kwa miguu. Nilipofika nyumbani mama aliniuliza kama nimetuma ile barua ya kuomba kazi, nikasema bado naifanyia marekebisho. Aliniangalia kidogo, akaendelea kuchambua maharage.

Jibu nilikuwa nalo muda mrefu, ila nililionea haya. Nilipenda mbwa mwitu. Ni kadi dhaifu, za chini kabisa, lakini kila mbwa akiingia mezani wenzake wanaongezeka nguvu, na wakitoka kundi zima mapema, mchawi hana muda wa kugandisha wala ukuta hauwahi kusimama. Ni fungu la maskini na ni fungu la haraka. Udhaifu wake nao naujua: wakizuiwa mwanzoni, huna cha pili. Hakuna mlango wa nyuma. Mtu anayewaza kama mimi huhitaji mlango wa nyuma hata akiingia chooni.

Jumamosi nilishuka Nyakabiga mchana na mbwa wote niliokuwa nimeokota mjini. Walipungua wanne, na wanne hao alikuwa nao fundi wa simu, tena hawatumii. Nilimkuta uani ameshalaza fungu lake, anakula maandazi.

"Mbwa?" alisema. "Nakupa. Nipe joka."

"Joka kwa mbwa wanne?"

"We njo unataka. Mi sina haja na mbwa."

Watu wakasogea. Mmoja akapiga kelele kwamba naibiwa mchana kweupe, mwingine akasema shangazi yangu akisikia atakata simu. Mwanafunzi wa udaktari akanishauri nisubiri mwezi ujao. Nilifikiria thamani ya joka, nikafikiria labda ningeliweka pamoja na mbwa, nikafikiria kuwa lingechelewa kutoka na kukaa mkononi bure, nikafikiria kuwa labda mara moja halingechelewa. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya milima ya Kongo.

Dada alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda karibu na mlango. Fungu lake lilikuwa limeshalala. Hakunihimiza. Alikuwa akikwangua rangi ya kucha, kidole baada ya kidole, na nilipomwona akikosea na kujikwaruza ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa pia. Aliogopa na bado alikuwa ameliweka lake kapuni, akiniachia mimi nusu iliyobaki.

"Dada," nikamwambia, "fungu langu linakimbia tu. Likizuiwa tumekufa."

"Basi likimbie," alisema. "Mimi nitazuia. Tuko wawili, si ni hivyo?"

Nilimpa fundi joka. Alilipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto, watu wakapiga mayowe, na mimi nikahesabu mbwa wangu mara moja tu, nikazitoa zile kadi za bariere zote, moto na panya na dawa za kila mtu, nikaziacha juu ya kreti kwa yeyote atakayezitaka. Kisha nikalifunga fungu kwa mpira.

Mama wa duka alishusha kapu. "Umemaliza, au umekuja kusalimia?"

"Nimemaliza, mama."

Nikaliweka ndani, kando ya la dada, nikautoa mkono. Mama akalitundika kapu juu ya mchele na kurudi kwa mteja aliyekuwa akisubiri sabuni.