Maji ya Kisima cha Uani

Kuna asubuhi ambazo maji ya bomba hutoka na harufu kali ya dawa, ile inayopanda puani kabla bilauri haijafika mdomoni. Wajukuu zangu hukunja nyuso. Mimi huishika bilauri kitambo, nikarudi kwenye nyumba yetu ya Mji wa Kale, miaka ile ya vita, nilipokuwa msichana wa miaka minane hivi.

Nyumba ilikuwa ya bibi yangu, Bi Mwanaisha, aliyemzaa mama. Uani palikuwa na kisima kilichochimbwa na babu yake ndani ya jiwe la matumbawe, na maji yake yalikuwa baridi hata jua la kaskazi likichoma mapaa. Bibi aliyateka kwa mkono wake, akayatia katika kuzi la udongo lililofukizwa udi, akayaangushia maua mawili matatu ya asumini. Ukinywa, ulihisi umealikwa arusini. Kila asubuhi kuzi moja lilivuka kichochoro hadi kwa jirani yetu Bwana Tayabali, Mhindi wa Kibohora muuza vitambaa, na mkewe tuliyemwita Mama Zehra. Zehra, binti yao wa pekee, alikuwa rafiki yangu. Kuzi hilo Bibi alilipeleka mwenyewe. Nadhani hakutaka kugawana thawabu na mtumishi.

Bomba lilikuwepo, pale pembeni mwa mtaa. Maji yake yalitoka milima ya Shimba, huko ng'ambo, yakaletwa kisiwani ndani ya mabomba marefu na kutiwa dawa njiani. Mji ulikuwa umejaa askari na mabaharia, na watu wa idara ya maji, kwa kuogopa maradhi, walizidisha dawa. Bibi alisema yananuka hospitali. Tuliyafulia nguo na kukoshea vyombo, basi.

Mwaka mmoja masika yalinyesha kupita kiasi. Vichochoro viligeuka mifereji, kuta zikaota ukungu, vyoo vya shimo vikajaa. Maji ya kisima yalipanda mpaka nikawa naona uso wangu karibu, nami nikafurahi. Ladha yake ilibadilika kidogo, ikawa na uzito ambao sikuuzoea. Bibi alizidisha udi.

Ndipo alipokuja kijana wa maji, mtu wa bara aliyevaa kaptura ya kaki. Alibisha hodi, akangoja Bibi ajitande buibui lake, akaomba kujaza chupa moja kisimani. Baada ya siku chache alirudi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, maji haya yameingiliwa na choo," alisema. "Yasinywewe hata kidogo. Kunyweni ya bomba, na kisima tuje tukizibe."

Bibi hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba kisima kile kimenywesha vizazi, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na uzee wake, hajalazwa siku hata moja. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, akaaga. Asubuhi iliyofuata kuzi lilivuka kichochoro kama kawaida.

Kisha homa ikaanza. Ilianzia kwa mtoto wa fundi wa makanzu, homa isiyotaka kushuka, ikaenda nyumba ya tatu. Barazani wanawake walizungumza kwa sauti ya chini na kunyamaza sisi watoto tulipopita. Kisomo kilisomwa, ubani ukachomwa mtaa mzima, na bado tuliendelea kuteka.

Siku moja Zehra na mimi tulikuwa uani tukicheza mdako. Aliweka chini vijiwe akasema kichwa chamuuma, na ana kiu. Nilimtekea kata iliyojaa. Akanywa nusu, nami nikaimaliza.

Mimi niliharisha siku mbili, nikapona. Zehra hakutoka tena nje. Kupitia dirishani nilimsikia mama yake akimwimbia kwa Kigujarati, sauti ikififia siku hata siku, mpaka alasiri moja nyimbo zikakatika na badala yake nikasikia kilio.

Bibi aliporudi matangani hakuvua buibui. Aliketi ukingoni mwa kisima, akamtuma mjomba, mwanawe, akamwite yule kijana wa maji. Kijana alikuja na mafundi, mawe na saruji, na Bibi akawasimamia mpaka wakamaliza.

"Niambie kweli, baba," alimwambia kijana. "Ni maji yangu?"

Kijana alitazama saruji mbichi. "Siwezi kuapa, mama. Lakini ndivyo ninavyohofu."

Tangu hapo Bibi alikunywa maji ya bomba jinsi yalivyo, bila udi, bila asumini. Kichochoro hakukivuka tena. Alikufa akiamini nyumba ile haikumsamehe.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipokwenda kumtazama Mama Zehra, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kwa uzee. Nilimwambia habari hiyo ya Bibi.

"Yule kijana wa maji alinijia na mimi, siku ile ile aliyowaonya nyinyi," alisema. "Kuzi la bibi yako nilikuwa nalimwaga, akishageuka. Lakini kumkataza Zehra asinywe kwenu, ningesema nini? Mtoto hafichi neno; bibi yako angejua nayaona maji yake machafu."

Utotoni nilidhani msiba ule uliletwa na ukaidi wa Bibi peke yake. Kumbe onyo lile lile liliingia nyumba mbili zilizotazamana, na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele ya mwenzake. Mama Zehra alipapasa birika lililokuwa ubavuni mwake, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema ndiyo, kwa sababu sikujua namna ya kukataa.