Unga Uliopita Kipimo cha Kwanza

Basi lilinishusha njia panda, nikatembea nikiulizauliza mpaka nikafika kwenye maabara ya vyakula niliyokuja kujionea, jengo linalonuka asidi hata nje. Ndani, mpimaji waliyembandika jina la Mama Vipimo alikuwa akibishana na mume wa dada yake.

"Asilimia ishirini ya protini, shemeji! Maharage yenyewe yataona wivu. Piga muhuri niende zangu."

"Punguza mbwembwe. Kaa."

Miaka kumi na tisa amepima unga wa watu. Alinieleza huku akisuuza vyombo: wanga ni kaboni, hidrojeni na oksijeni, protini ina hizo hizo, na nitrojeni juu yake. Mashine haiioni protini. Inahesabu nitrojeni tu, protini inakadiriwa kutoka hapo. Unga wa shemeji, wa uji wa watoto wanaoachishwa ziwa, ulikuwa umeiridhisha mashine. Yeye haukumridhisha.

Akachukua neli tatu za kioo. Moja akaitia unga wa soya, ya pili mahindi matupu, ya tatu unga wa shemeji. Akaongeza maji, magadi makali, na matone ya dawa ya shaba, ya buluu, ambayo hugeuka zambarau ikikuta protini yenyewe, si nitrojeni tu. Soya ikageuka zambarau iliyokolea. Mahindi, zambarau ya kutafuta kwa macho. Unga wa shemeji ukafanana na mahindi kama pacha. Akarudia mara mbili zaidi kwa neli nyingine, rangi zikawa zile zile.

"Soya uliyoiandika kwenye mfuko iko wapi?"

"Imo."

"Mahindi haya umeyatia mbolea ya nitrojeni mara mbili, shemeji. Shambani, na kinuni kwako unakosaga."

Shemeji akacheka, kisha akaacha.

"Dada yako anakula kwa kinu hicho. Damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo maana nimepima mara tatu."

Akapiga muhuri: haufai kuliwa. Shemeji akatoka simu ikiwa sikioni.

"Huyo anampigia dada," Mama Vipimo alisema. "Kufika jioni, nitakuwa mimi ndiye niliyewafungia kinu."

Akavua koti jeupe. Kwa kuwa alikuwa amerudia kipimo, neli zilikuwa za kutosha. Akafunga tatu kwa taulo akamwonyeshe dada yake kabla ya jioni, nyingine akaziacha mezani ziwe ushahidi.

"Niangalizie, mtu asizimwage."

Dirishani nilimwona akivuka barabara polepole, taulo kifuani, akipishana na baiskeli. Mimi nikavuta kiti karibu na meza.